Walioitangulia Miguu: Mabingwa wa Viti vya Magurudumu katika Mbio za Boston

Kila mwaka, Jumatatu ya tatu ya mwezi wa Aprili, jina la mji mmoja wa Marekani huingia katika taarifa za habari nchini Kenya kana kwamba ni jina la tarafa mojawapo ya Bonde la Ufa. Mji huo ni Boston. Wakenya wameuzoea tangu mwaka 1988, Ibrahim Hussein alipokuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio zake ndefu za kilomita 42. Kuanzia mwaka 1991 hadi mwaka 2000, kila mwanamume aliyekata utepe wa kwanza katika mbio za miguu alikuwa Mkenya. Catherine Ndereba alishinda mara 4, na Robert Kipkoech Cheruiyot naye akashinda mara 4. Si ajabu basi kwamba mtoto wa shule ya msingi ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa wilaya yake hulitaja jina la Boston bila kigugumizi.

Hata hivyo, taarifa hizo zina pengo. Aghalabu Mkenya anapoukata utepe katika barabara ya Boylston, mbio huwa zimekwisha kupata mabingwa wengine. Wao huwa wamefika zamani, wamevua glavu zao, wamepigwa picha na kupewa mashada. Hawa ni wanariadha wa viti vya magurudumu, ambao huondoka mapema kutoka kijiji cha Hopkinton na kuipita barabara ile ile, miinuko ile ile na umati ule ule. Iwapo watatajwa katika taarifa zetu za michezo, hutajwa mwishoni, kwa sentensi ambayo si ngeni masikioni mwa msikilizaji wa Kiswahili: "Walemavu nao hawakuachwa nyuma."

Sentensi hiyo inastahili kuchunguzwa, hasa na wale ambao kazi yao ni kuichunguza lugha. Kisarufi haina kasoro. Kimaana, inapozungumziwa Boston, ni uongo mtupu. Hawakuachwa nyuma na nani, ilhali wao ndio waliotangulia? Ili kuujua uzito wa uongo huo, hapana budi kuirejelea historia ya mabingwa wenyewe.

Mbio za Boston zilianzishwa mwaka 1897. Kwa zaidi ya miaka 70 hapakuwa na aliyefikiri kwamba kiti kingeweza kuingia barabarani. Mwaka 1970, Eugene Roberts, mwanajeshi aliyepoteza miguu yote miwili katika vita vya Vietnam, alijitosa katika safari hiyo akiwa kitini. Alitumia takribani saa 7. Hapakuwa na kitengo cha kumwandikisha wala daftari la kumhesabu. Alifika, lakini kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi ilikuwa kana kwamba hakutoka nyumbani.

Miaka mitano baadaye alitokea Bob Hall, kijana wa jimbo hilo hilo la Massachusetts aliyeugua polio utotoni. Hall hakutaka kuingia kwa mlango wa nyuma. Alimwendea msimamizi wa mbio, Will Cloney, akaomba kutambuliwa kama mshiriki halali. Jibu alilopewa lilikuwa la mtu aliye baina ya hofu na haki: kama angemaliza kwa muda usiozidi saa 3, angepewa cheti sawa na wanariadha wengine. Aprili ya mwaka 1975, Hall alimaliza kwa saa 2 na dakika 58. Cheti akapewa.

Yeyote aliyepitia chuo kikuu anajua cheti ni nini. Ni karatasi tu, ila karatasi hiyo ndiyo humtenga aliyesoma na aliyekuwa akipita tu karibu na darasa. Roberts na Hall walisafiri barabara moja, nao wote wawili walifika. Tofauti iliyowagawa ni kwamba mmoja aliandikwa na mwingine hakuandikwa. Hapo ndipo historia ya mabingwa wa viti vya magurudumu inapoanzia, na ndipo fumbo lake lilipo: ubingwa hauanzi kwenye misuli peke yake, huanza pia kwenye kalamu ya anayeorodhesha.

Mlango ulipofunguka, wengi waliingia. Mwaka 1977 Hall alishinda tena, na mwaka huo huo Sharon Rahn akawa mwanamke wa kwanza kumaliza mbio za Boston akiwa kitini, kwa saa 3, dakika 48 na sekunde 51. Msomaji na akumbuke kwamba wanawake wanaokimbia kwa miguu walikubaliwa rasmi mjini Boston mwaka 1972 tu. Yaani Rahn aliingia katika lango lililokuwa limefunguliwa nusu kwa wanawake na robo kwa viti, naye akapita katika yote mawili.

Mwaka 1980 Curt Brinkman alimaliza kwa saa 1 na dakika 55. Siku hiyo mshindi wa mbio za miguu, Bill Rodgers, alitumia saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Kwa mara ya kwanza mjini Boston, muda wa mwanariadha wa kiti ulikuwa mfupi kuliko wa bingwa wa miguu, tena kwa dakika 17. Tangu hapo muda huo uliendelea kupungua. Mustapha Badid wa Ufaransa alishuka chini ya saa moja na nusu mwaka 1990. Jim Knaub wa Marekani, aliyetawazwa bingwa mara 5 baina ya mwaka 1982 na 1993, alifikia saa 1, dakika 22 na sekunde 17. Mwaka uliofuata Heinz Frei wa Uswisi akaipunguza hiyo nayo kwa karibu dakika moja.

Hapa huzuka pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Baadhi ya watu husema kwamba kiti ni mashine, na mwenye mashine hawezi kusifiwa kwa kumshinda mwenye miguu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ndiyo maana vitengo hutenganishwa na kila kimoja huwa na bingwa wake. Hakuna anayedai kwamba Badid alimshinda Hussein. Ila anayedhani kwamba kiti hujiendesha hajakitazama vizuri. Kiti cha mbio kina magurudumu matatu: mawili makubwa nyuma, yaliyoinama kwa juu kuelekea ndani, na dogo moja mbele kwenye ncha ya fremu ndefu. Hakina injini, mnyororo wala gia. Kando ya kila gurudumu kubwa kuna duara jembamba ambalo mwanariadha, akiwa amejikunja magoti yake yakiwa chini ya kifua, hulipiga kwa ngumi zilizovikwa glavu ngumu, maelfu kwa maelfu ya mapigo, mpaka mwisho. Nguvu yote hutoka mabegani, mikononi na mapafuni.

Barabara ya Boston nayo haina huruma kwa mtu wa kiti. Huanza kwa mteremko mkali ambapo kiti huweza kupita mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Mwaka 1987, mvua ikinyesha, viti kadhaa viligongana na kupinduka papo hapo mwanzoni, na tangu hapo waandalizi wakaanza kuudhibiti mwendo wa kuondokea. Kisha huja miinuko ya Newton, ambayo wa mwisho wake, karibu na kilomita ya 32, huitwa Heartbreak Hill. Mkimbiaji akichoka mlimani anaweza kutembea. Mtu wa kiti akipumzika baina ya pigo na pigo, kiti hutaka kurudi kinyumenyume. Kile ambacho mteremko ulimpa bure, mwinuko humdai na riba juu yake.

Ndiyo maana mashujaa wakubwa wa Boston wamekuwa watu wa kupanda. Jean Driscoll alizaliwa na hitilafu ya uti wa mgongo na akapata mafunzo yake katika Chuo Kikuu cha Illinois, chuo ambacho pia kimewalea Tatyana McFadden, Daniel Romanchuk na Susannah Scaroni, wote mabingwa wa Boston. Driscoll alishinda mara 7 mfululizo, kuanzia mwaka 1990 hadi 1996. Muda wake wa mwaka 1994, saa 1, dakika 34 na sekunde 22, ulidumu kama rekodi ya barabara hiyo hadi mwaka 2011, alipouvunja Wakako Tsuchida wa Japani. Mwaka 1997 gurudumu la Driscoll lilinaswa katika reli za tramu, akaanguka, na Louise Sauvage wa Australia akapita kwenda kushinda. Mwaka 1998 wawili hao walifika wamebanana kiasi kwamba walipewa muda mmoja: saa 1, dakika 41 na sekunde 19. Driscoll alidhani ameshinda, akainua mikono kushangilia, na katika kufumba na kufumbua Sauvage akamtangulia kwenye mstari. Driscoll hakukata tamaa. Alirudi mwaka 2000 akashinda mara ya 8. Alipostaafu, alikwenda Ghana kuwafunza wanariadha wenye ulemavu, na mwaka 2004 nchi hiyo ikashiriki Michezo ya Paralimpiki kwa mara ya kwanza mjini Athens.

Wapenzi wa riadha nchini Kenya wanaweza kuisimulia ile tofauti ya sekunde moja iliyomtenga Ibrahim Hussein na Juma Ikangaa wa Tanzania mwaka 1988. Sekunde ile imekuwa sehemu ya fasihi simulizi ya michezo katika Afrika Mashariki. Tofauti ya Driscoll na Sauvage haikufika hata sekunde. Je, ni wangapi waliowahi kuisikia ikisimuliwa kwa Kiswahili? Na siku ile ile Hussein alipoweka historia ya Afrika, Badid alishinda upande wa wanaume wa viti, naye Candace Cable akashinda upande wa wanawake kwa mara ya 6. Majina hayo mawili hayakusafiri na jina la Hussein, ingawa yote matatu yalitoka katika barabara moja, asubuhi na mchana wa siku moja.

Pengine itasemwa kwamba sababu ni uzalendo: kila taifa hushangilia wake. Dai hilo halisimami, kwa kuwa bingwa mkubwa kuliko wote katika historia ya Boston ni Mwafrika. Ernst van Dyk wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1973 bila miguu, alishinda kila mwaka kuanzia 2001 hadi 2006, akashinda tena mwaka 2008, 2009 na 2010, kisha akaukamilisha ushindi wa 10 mwaka 2014. Katika mbio za miguu za Boston, aliyeshinda mara nyingi zaidi ni Clarence DeMar, mara 7, ya mwisho ikiwa mwaka 1930. Mwaka 2004, Timothy Cherigat na Catherine Ndereba walipoupeperusha utukufu wa Kenya, van Dyk alimaliza kwa saa 1, dakika 18 na sekunde 27, muda ambao haukuwahi kufikiwa kokote duniani wakati huo. Siku hiyo Afrika ilitwaa mataji matatu kati ya manne. Nchini Kenya yalisimuliwa mawili.

Simulizi ya Tatyana McFadden inaonyesha zaidi kwamba mbio ngumu kwa watu hawa mara nyingi huwa kabla ya mstari wa kuanzia. Alizaliwa nchini Urusi mwaka 1989 na hitilafu ya uti wa mgongo kama Driscoll, akawekwa katika makao ya watoto ambayo hayakuwa na kiti cha kumpa. Kwa miaka yake ya mwanzo alitembea kwa mikono. Baadaye mama mmoja Mmarekani akamchukua kuwa mwanawe. Alipofika shule ya sekondari alikuwa tayari mshindi wa medali za Paralimpiki, lakini mamlaka ya shule ya eneo lake haikumruhusu kushindana pamoja na wenzake. Aliambiwa azunguke uwanja peke yake, wengine wakitazama. McFadden hakudai fidia ya fedha. Alikwenda mahakamani kudai kitu kimoja tu: kukimbia wakati mmoja na wanafunzi wengine. Mwaka 2006 mahakama ikamkubalia, na mwaka 2008 jimbo la Maryland likatunga sheria ya kuwapa wanafunzi wenye ulemavu nafasi katika michezo ya shule.

Mwaka 2013 McFadden alishinda Boston kwa mara ya kwanza. Saa chache baada yake mabomu mawili yalilipuka karibu na utepe, yakawaua watu 3 na kuwajeruhi mamia, ambao baadhi yao walikatwa miguu. Asubuhi walikuwa wamesimama kandokando ya barabara wakiwashangilia watu wa viti. Kufikia jioni baadhi yao walikuwa watu wa viti wenyewe. Siku sita baadaye McFadden alishinda London, na kabla ya mwaka kwisha akashinda Chicago na New York pia. Hakuna aliyewahi kushinda mbio hizo nne katika mwaka mmoja kabla yake, awe wa kiti au wa miguu.

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Methali hiyo hutumiwa mara kwa mara kumwonya mzima asimcheke mlemavu, kwa kuwa naye hajui kesho yake. Ni onyo jema, na tukio la Boston la mwaka 2013 linalithibitisha kwa namna ya kutisha. Walakini, methali hii imezoeleka kusomwa upande mmoja tu, kana kwamba kuumbika kunakobaki ni kuharibika. Mabingwa wa Boston wanaisoma upande wa pili. Brinkman, Driscoll, van Dyk na McFadden hawakuwa wamemaliza kuumbika walipoketi kitini. Ubingwa nao ni umbo, nao uliwajia baadaye.

Hapo ndipo suala linapoirudia lugha. Wataalamu wa Kiswahili wamejadili kwa muda mrefu maneno kama kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, ambayo hubeba kiambishi cha ngeli ya KI-VI, ngeli ya vitu. Wapo wanaoona humo dharau iliyofichwa. Wapo pia wanaojibu kwamba kiongozi, kijana na kinara hubeba kiambishi hicho hicho pasipo dharau yoyote, na kwamba upatanisho wa kisarufi huyarudisha maneno yote hayo katika utu: kipofu anasoma, kiziwi ameshinda. Pande zote mbili zina hoja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, imekwisha kuweka msingi: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Ni nadra kwa katiba kuingia ndani ya msamiati kiasi hicho.

Lakini kudunisha hakukai katika nomino tu. Mtu anaweza kuacha neno kilema, akaokota neno mlemavu au mtu mwenye ulemavu, kisha akaendelea kudunisha kwa muundo wa sentensi. Sentensi "Walemavu nao hawakuachwa nyuma" haina tusi. Lililomo ni neno dogo "nao", linalowafanya washindi waonekane nyongeza ya habari iliyokwisha kusemwa. Limo umbo la kutendwa, lililowafanya wawe watu wanaoachwa au wasioachwa, kana kwamba hawaendi kwa nguvu zao. Limo pia jina la jumla, walemavu, mahali ambapo upande wa pili kuna majina kamili ya watu. Cherigat ni Cherigat, na Ndereba ni Ndereba, lakini van Dyk huwa walemavu. Kalamu iliyomnyima Eugene Roberts nafasi katika daftari la mwaka 1970 haikutumia neno la matusi hata moja. Ilinyamaza tu.

Mtihani huu hauko Boston peke yake. Mbio za kila mwaka za Nairobi, zilizoanza mwaka 2003, zimekuwa na kitengo cha viti vya magurudumu, na washindi wake ni Wakenya wenye majina, wazazi, lugha na vijiji. Kiswahili kina neno linalowatosha. Neno hilo ni bingwa. Wingi wake, mabingwa, una umbo la ngeli ya LI-YA, lakini husema kama mtu: bingwa amefika, mabingwa wamefika. Halimuulizi mwenyewe alikuja kwa miguu au kwa magurudumu.

Mwaka 2024 Marcel Hug wa Uswisi aligonga kizuizi katika kona ya Newton, kiti kikapinduka, akakisimamisha na kuendelea. Alishinda kwa saa 1, dakika 15 na sekunde 33, muda mfupi kuliko wote katika historia ya barabara hiyo. Siku hiyo hiyo Eden Rainbow-Cooper akawa Mwingereza wa kwanza kushinda kitengo cha wanawake wa viti. Mwaka 2025, miaka 50 baada ya cheti cha Bob Hall, Hug alishinda kwa mara ya 8, naye Scaroni akashinda kwa mara ya 2. Hellen Obiri wa Kenya alikuwa bingwa wa wanawake wa miguu mwaka 2024, na John Korir wa Kenya akawa bingwa wa wanaume mwaka 2025. Taarifa ya habari inayoheshimu saa ingeanza kwa walioanza kufika. Mabingwa wa viti walifika kwanza. Mabingwa wa miguu wakafuata.